Somo

Mimi ni Asumini wa pili.
Wa kwanza alizikwa Mnyambe
wiki tatu kabla sijazaliwa,
na jina likalala njaa wiki hizo tatu
halafu likanipata.

Toka hapo mama yangu akaniita mama.
Nikikojoa kitandani, mama amekojoa.
Nikikataa ugali wa muhogo:
"Hajabadilika huyu, hata enzi zile alikuwa mgumu."
Na mzee Nambunga wa Kitangari, kila siku ya mnada,
alinishika mkono mbele za watu:
"Asumini, jogoo wangu yuko wapi?
Yule mwekundu. Ulimkopa mwaka wa njaa,
usijifanye umesahau."
Nilikuwa na miaka sita.
Niliona aibu kama niliyemla.

Kiwandani Newala, msimu wa korosho, alikuja Upali,
fundi wa mashine za kubangulia, mtu wa Sri Lanka,
grisi mpaka kwenye viwiko
na kijisanamu cha Buda ndani ya boksi la spana.
Nilimsimulia habari ya jogoo ili acheke.
Hakucheka. Nikamwambia,
kwetu jina likirudi, mtu amerudi.
Akasema, kwetu pia kuna kurudi,
ila hakuna anayerudi.
Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya,
nikadhani amekosea, nikamsahihisha.
Akarudia polepole, kama anayekaza nati:
kuna kurudi.
Hakuna anayerudi.

Mafuta ya ganda la korosho yana ukali wake.
Miaka kumi na mmoja ya kubangua
yamekula mistari ya vidole vyangu.
Siku ya kuandikisha kitambulisho cha taifa
kijana alikibana kidole changu kwenye kioo,
akakifuta, akakibana tena.
"Mama," akasema, "husomeki."
Foleni ikaangua kicheko, nami nikacheka,
kisha nikiteremka bondeni kufuata maji
neno likanisimamisha na ndoo tupu.
Somo asiyesomeka.
Nikaanza kujipekua palepale:
kicheko hiki wanasema ni cha bibi,
goti bovu hili ni la mama,
hasira niliyonayo asubuhi sikuwa nayo,
na jioni sijui italala kwa nani.
Nikavitenga kama tunavyochambua korosho,
nzima huku, vipande huku, mbovu huku,
nikangoja nimwone mwenye ungo.

Nilingoja mpaka jua likahama.

Mwezi wa Mei mama alilazwa Ndanda.
Kichwa chake kilikuwa kinazima taa chumba kwa chumba:
kwanza likaenda jina la mumewe,
kisha nyumba,
kisha mimi. Nilitoka humo bila kuaga.
Usiku wa nne akaishika kanga yangu,
macho ya mtoto wa miaka mitano:
"Mama, giza. Nibebe."

Nilisita pumzi moja.
Ningeweza kumwambia, mimi ni binti yako,
mama yako amelala Mnyambe.
Ingekuwa kweli, na ingemsaidia nini?
Sauti ikatoka, sijui kwenye chumba gani:
"Nimekubeba, mwanangu. Lala."
Na mikono ilijua. Ilijua pa kuishika shingo,
ilijua kupigapiga mgongo mara tatu, kutua, mara tatu,
na katika kutua kule
hapakuwa na Asumini wa kwanza wala wa pili,
palikuwa na kubeba.

Upali alishaondoka na boksi lake. Sikuwa na wa kumwambia.

Baada ya arobaini nilinunua jogoo,
mwekundu, elfu ishirini na tano, bila kupunguziwa,
nikampeleka Kitangari.
Mzee alishakufa siku nyingi.
Akatoka kitoto cha kiume, pengo mbele, suruali ya shule,
nikamuuliza jina.
"Nambunga."
Basi nikapiga goti lile bovu, nikamkabidhi:
"Kuku wako huyu."
Akampokea bila kushangaa,
akamgeuza, akamkagua kucha,
akaniangalia.
"Umechelewa," akasema.